Hati Safi na Deni la Wahasibu kwa Umma

Kila mara ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kaunti zinapotolewa, mjadala wake hapa Mombasa huishia palepale. Msimu huu nao haukuleta jipya. Kaunti iliyopata kile kinachoitwa hati safi huitangaza kwa mabango na salamu za pongezi, na gavana wake husimama jukwaani akiinadi kama ushahidi kwamba hakuna senti ya umma iliyoliwa. Kaunti iliyopata hati yenye shaka hugeuzwa pango la wezi, na kuanzia vijiwe vya kahawa vya Mji wa Kale hadi steji za Mwembe Tayari, hukumu huwa imeshapitishwa kabla ya mtu kufungua ukurasa wa pili wa ripoti yenyewe. Pande zote mbili zinakosea, tena kosa lao ni moja: zinaichukulia hati ya mkaguzi kuwa hukumu juu ya uaminifu wa watu. Hoja yangu ni kwamba kosa hili halikuzaliwa na ujinga wa wananchi. Limelelewa na taaluma ya uhasibu yenyewe, ambayo hufaidika heshima watu wanapodhani kuwa sahihi yake inalinda mali, kisha hujificha nyuma ya maandishi madogo mali inapopotea. Jukumu la kwanza la wahasibu kwa jamii, kabla ya mengine yote, ni kuliondoa kosa hilo hadharani, hata kama kufanya hivyo kutawapotezea wateja.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiko mkanganyiko unakoanzia. Kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010 kinampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni ili akague na kutoa ripoti, na kinalipa Bunge au bunge la kaunti miezi mitatu baada ya kuipokea ripoti hiyo kuijadili na kuchukua hatua. Kifungu hicho hicho kinataka ripoti ithibitishe iwapo fedha za umma zilitumika kwa kufuata sheria na kwa njia yenye tija. Kwa hiyo ripoti ya ukaguzi wa taasisi ya umma nchini Kenya ina sehemu tatu. Ya kwanza ni maoni kuhusu taarifa za fedha, na hapa ndipo hati hutolewa: safi, yenye shaka, isiyoridhisha, au mkaguzi akakataa kabisa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi. Ya pili inahusu uhalali na tija ya matumizi. Ya tatu inahusu udhibiti wa ndani, usimamizi wa hatari na uongozi. Hati inayopigiwa ngoma barabarani inatoka katika sehemu ya kwanza peke yake, na sehemu hiyo inajibu swali jembamba: je, taarifa hizi zilizoandaliwa na menejimenti zinaonyesha hali ya fedha kwa haki, bila kosa lenye uzito wa kumpotosha msomaji?

Mtu anaweza kuona kwa urahisi jinsi jibu la swali hilo linavyoachana na maswali ya mwananchi. Kaunti inaweza kujenga zahanati kwa bei maradufu, ikaiacha bila dawa wala mganga, lakini madhali kila shilingi iliyotoka imeandikwa mahali pake, taarifa za fedha ni za kweli na sehemu ya kwanza itatoka safi. Aibu ya zahanati itakuwa katika sehemu ya pili, ambayo haipigiwi ngoma. Kwa upande mwingine, kaunti inaweza kunyimwa hati safi kwa sababu isiyohusu wizi wa mwaka huo hata kidogo. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, zilirithi ardhi, majengo, magari na madeni ya mabaraza ya miji na manispaa, Mombasa ikiwamo, mara nyingi bila daftari kamili la mali wala hatimiliki zilizo mkononi. Mkaguzi asiyeweza kuthibitisha thamani ya mali iliyoandikwa hana budi kuweka shaka, hata kama waliopo leo hawakuchukua kitu. Msomaji anayetaka kujua kama ameibiwa angefanya vyema kuanzia sehemu ya pili, atazame kama mishahara imevuka asilimia 35 ya mapato ambayo kanuni zimeiweka kuwa kikomo, kama miradi iliyolipiwa imesimama, na kama waliouza bidhaa kwa kaunti wamelipwa au wanazungushwa mwaka wa tatu sasa.

Mombasa ina sababu ya pekee ya kujua jinsi neno la mkaguzi linavyoweza kumponyoka mwenyewe. Mwishoni mwa Desemba 2018 ilivuja barua kutoka ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Edward Ouko, kuhusu hesabu za Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Barua hiyo ilieleza wasiwasi kwamba mapato ya Mamlaka yangeweza kutumika kulipa deni la reli ya kisasa kwa benki ya Exim ya China, na kwamba Mamlaka ilikuwa imeachilia kinga yake ya kutoshtakiwa. Ndani ya siku chache habari ilikuwa moja tu mji mzima: bandari imewekwa rehani, Mchina anakuja kuichukua. Serikali ilikana. Wafanyakazi wa bandari, wenye malori na mawakala wa forodha, ambao tayari walikuwa wanaumia kwa amri za kupeleka shehena kwa reli, hawakuona sababu ya kuamini kanusho hilo, nami siwezi kuwalaumu.

Jambo ambalo halikuelezwa wazi ni hadhi ya karatasi yenyewe. Ilikuwa barua ya mkaguzi kwa menejimenti, yaani hatua ya katikati ya kazi, ambapo mkaguzi huandika alichokiona na kuuliza, kisha mkaguliwa hupewa nafasi ya kujibu kabla ya ripoti ya mwisho kuandikwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walioupitia mpango mzima wa mkopo walifikia uamuzi kwamba bandari haikuwa dhamana ya mkopo ule, kwamba mkopaji alikuwa serikali, na kwamba kuachilia kinga ni sharti la kawaida katika mikopo ya kimataifa. Hata hivyo, ndani ya barua ile kulikuwa na jambo zito lililokuwa kweli tupu: Mamlaka ya Bandari ilikuwa imefungwa na mkataba wa mwaka 2014 wa kuipa reli kiwango cha chini cha shehena, na shehena ikipungua, mapato ya bandari yangeziba pengo. Hilo ndilo lililoeleza kwa nini makontena yalilazimishwa kupanda treni na kwa nini kazi za Mombasa zilihamia bara hadi amri hizo zilipoondolewa mwaka 2022. Mji ukabishana miaka mitatu kuhusu rehani ambayo haikuwapo, huku mkataba uliokuwa ukiukaba koo ukisubiri mwanaharakati kwenda kuutafuta mahakamani. Ilikuwa Mei 2022 ndipo Mahakama Kuu ya Mombasa iliposema kwamba kuendelea kuificha mikataba ya reli kulikiuka haki ya kupata habari. Katika muda wote huo nchi ilikuwa na maelfu ya wahasibu waliosajiliwa, wengi wao hapa hapa pwani, wenye uwezo wa kusimama na kueleza tofauti ya dhamana na ahadi ya shehena kwa nusu saa. Sikumbuki kuona taaluma yao, kama taaluma, ikiifanya kazi hiyo.

Wahasibu wana utetezi wao, na sehemu yake ni nzuri. Wanasema taarifa za fedha ni za menejimenti, mkaguzi hutoa maoni tu. Kwamba hakagui kila stakabadhi bali huchagua sampuli. Kwamba hutoa hakikisho la kiasi cha kuridhisha na si dhamana. Na kwamba mtu aliyekula njama na wenzake watano na kughushi nyaraka anaweza kumpita mkaguzi mwaminifu kabisa. Utetezi huu una umri mrefu. Mwaka 1896, katika kesi ya kiwanda cha pamba cha Kingston huko Uingereza, Jaji Lopes alisema kuwa mkaguzi ni mbwa wa ulinzi na si mbwa wa kusaka, na sentensi hiyo imekuwa ngao ya taaluma tangu hapo. Mwaka 1990, katika kesi ya Caparo, majaji wa mahakama ya juu ya Uingereza ya wakati huo wakaongeza kwamba mkaguzi wa kampuni ana wajibu kwa wanahisa wakiwa kundi, wala si kwa kila mtu atakayeisoma ripoti na kuamua kuwekeza. Nakubali kwamba bila mipaka ya namna hii hakuna mtu mwenye akili angekubali kazi ya ukaguzi, kwa kuwa ada ya miezi miwili ingemfanya mdhamini wa kila deni la mteja maisha yake yote.

Ila mbwa wa ulinzi naye anatarajiwa kubweka. Tarehe 13 Oktoba 2015 Benki Kuu iliiweka Imperial Bank chini ya usimamizi wa Shirika la Bima ya Amana, baada ya kugundulika kuwa zaidi ya shilingi bilioni 30 zilikuwa zimetoroshwa kwa miaka mingi kupitia mikopo iliyofichwa nje ya vitabu rasmi. Muda mfupi kabla ya hapo benki hiyo ilikuwa imekusanya shilingi bilioni 2 kwa hati fungani, kwa kutegemea hesabu zilizokaguliwa. Hapa Mombasa waliokuwa na amana katika benki hiyo ni pamoja na wafanyabiashara wa kati, watu ambao mtaji wote wa duka umo katika akaunti moja, na bima ya amana wakati huo ilikuwa na kikomo cha shilingi 100,000. Waliposikia kwamba hesabu zilikuwa zikipita kila mwaka bila shaka yoyote, hawakuuliza kuhusu sampuli. Waliuliza: basi walikuwa wanatazama nini? Swali hilo ni la haki. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi vinamtaka mkaguzi apate hakikisho kwamba taarifa hazina kosa kubwa, liwe limetokana na bahati mbaya au udanganyifu, na vinamtaka afanye kazi akiwa na shaka ya kitaaluma muda wote. Udanganyifu ukiwa mdogo na mjanja, mkaguzi ana kisingizio. Ukiwa mkubwa kiasi cha kuila benki nzima kwa miaka mingi, kisingizio kinachakaa, na haisaidii kumkumbusha mwenye duka la Biashara Street juu ya jaji wa karne ya kumi na tisa.

Utetezi wa pili ni usiri. Mhasibu, tunaambiwa, amefungwa mdomo na wajibu kwa mteja. Ni kweli kuwa usiri ni miongoni mwa kanuni tano za maadili ya taaluma, pamoja na uadilifu, kutopendelea, umahiri na mwenendo wa kitaaluma. Lakini kanuni hizo hizo za kimataifa zilirekebishwa kuanzia 2017 ili kumruhusu mhasibu, akikutana na uvunjaji wa sheria unaoweza kuumiza umma, aufikishe kwa mamlaka husika hata bila ridhaa ya mteja, na sheria za Kenya dhidi ya utakasishaji wa fedha zimewaweka wahasibu miongoni mwa wanaopaswa kuripoti miamala yenye kutia shaka. Usiri kwa hiyo ni mlango wenye kitasa upande wa ndani. Anayeuchukulia kuwa ukuta amechagua hivyo.

Utetezi wa tatu husemwa kwa sauti ya chini, na ndio dhaifu kuliko yote: kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa hesabu, na kumweleza ni kumchanganya zaidi. Anayesema hivi hajawahi kusimama pwani asubuhi chombo kinaporudi. Pato la samaki hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha linalobaki hugawanywa kwa mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha na mafungu ya wavuvi, na ole wake atakayepunguza mia mbili bila maelezo. Anayesema hivi hajakaa katika Mahakama ya Kadhi siku ya mirathi, ambapo bibi asiyewahi kuingia darasa la pili anajua thumni yake na anajua ni kipi kinacholipwa kabla ya thumni kuhesabiwa. Watu hawa wanaelewa gharama, deni, mgao, na uwajibikaji wa aliyeshika fedha za wenzake. Wasichokielewa ni ripoti ya mamia ya kurasa iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kiofisi, katika nchi ambayo Kifungu cha 7 cha Katiba yake kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kama wasomaji hawajafikiwa, mwandishi ndiye wa kuulizwa kwanza.

Niseme kwa ufupi kuhusu miti. Taaluma ikiulizwa juu ya wajibu wake kwa jamii, mara nyingi huonyesha picha za upandaji wa mikoko, michango ya damu na ziara katika makao ya watoto. Ni matendo mema, na mikoko ya Mtwapa na Tudor inahitaji kila mkono. Lakini mkoko unaweza kupandwa na yeyote. Maoni juu ya taarifa za fedha za kampuni yanaruhusiwa kisheria kutiwa sahihi na kundi dogo tu la watu, na jamii inapolipatia kundi hilo fursa ya pekee namna hiyo, inayo haki ya kudai malipo kwa kitu kilekile ilichokabidhi.

Deni hili halilipwi katika makampuni makubwa ya Nairobi peke yake. Sehemu kubwa ya uhasibu wa Mombasa hufanyika katika ofisi za vyumba viwili juu ya maduka, kwa wateja wenye magari machache ya mizigo, madrasa, shule za binafsi, kamati za misikiti na vyama vya akiba na mikopo. Huko kila mtu anajua desturi ya vitabu viwili, kimoja chenye faida nono kwa ajili ya benki au zabuni, kingine chenye hasara kwa ajili ya Mamlaka ya Mapato. Anayeviandaa hujiambia kwamba hamuumizi mtu. Ukweli ni kwamba benki iliyodanganywa hupandisha riba kwa mfanyabiashara anayefuata aliyesema kweli, na kodi iliyokwepwa hutafutwa kwa mwenye kibanda cha Kongowea asiyeweza kumlipa mhasibu. Zabuni nazo zimechangia uovu huu, kwa kudai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu kutoka kwa biashara ambazo Sheria ya Kampuni ya 2015 yenyewe imezisamehe ukaguzi kwa udogo wao. Kinachozalishwa ni sahihi za kununua.

Vyama vya akiba ndivyo vinavyonitia hofu zaidi. Nimekaa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama kimoja hapa mjini ambapo taarifa za fedha zilisomwa kwa kasi ya mtu anayekimbilia feri, zikapendekezwa na kuungwa mkono kabla ya wajumbe wa nyuma kupata nakala, na mkaguzi aliyezitia sahihi hakuwapo ukumbini. Hakuna sheria aliyoivunja kwa kutokuwapo. Mapema mwaka 2025 wizara inayosimamia ushirika iliweka wazi uchunguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano unaoshika fedha za vyama vingi vya akiba nchini, ulioonyesha upotevu wa takriban shilingi bilioni 13.3. Hesabu zilizokuwa zikipitishwa mikutanoni miaka iliyotangulia hazikuwa zimewaonyesha wanachama picha hiyo. Mwalimu wa Likoni au mfanyakazi wa bandari anayekatwa akiba kila mwezi hana njia nyingine ya kujua usalama wa fedha zake isipokuwa ile karatasi yenye sahihi.

Kinachofuata kutokana na haya ni mambo ambayo taaluma inaweza kuyafanya bila kusubiri Bunge. ICPAK, taasisi inayowasajili na kuwaadhibu wahasibu, huwataka wanachama wake kila mwaka watimize saa za mafunzo endelevu, na nyingi kati ya saa hizo hutumika katika hoteli za ufuo wetu huu. Inaweza kuamua kwamba sehemu ya saa hizo itahesabiwa pale tu mwanachama anapoeleza ripoti ya kaunti yake kwa Kiswahili katika ukumbi wa kata, akianza na sehemu ya pili. Inaweza kutangaza majina ya waliopatikana na hatia ya kuuza sahihi, pamoja na kosa lenyewe, katika magazeti yanayosomwa na wateja wao. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu nayo inaweza kuweka juu ya kila ripoti kurasa chache za Kiswahili zinazosema waziwazi hati hii inahusu nini na haihusu nini, ili gavana atakayeitumia kama cheti cha uadilifu apingwe kwa maneno ya mkaguzi mwenyewe. Gharama zitakuwapo, na wapo wateja watakaohamia kwa mhasibu asiye na maswali. Ndiyo sababu hatua hizi haziwezi kuachiwa ushujaa wa mtu mmoja mmoja, zinapaswa kuwa sharti la leseni kwa wote.

Kwa vyama vya akiba hatua ni nyepesi zaidi, kwa kuwa wanachama ndio wenye kura ya kumteua mkaguzi. Mikutano mikuu ya mwanzo wa mwaka inaweza kuweka sharti kwamba hakuna mkaguzi atakayeteuliwa tena bila kukubali kufika ukumbini, kuulizwa na wanachama kabla taarifa hazijapitishwa, na majibu yake kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano pamoja na jina lake.